Madam, Kinu na Futi Kamba: Nilivyosomea Usanifu wa Ndani

"Kwa hiyo ada yangu inakwenda kununua mapazia," alisema baba, akairudisha fomu ya chuo mezani kama anayerudisha sahani yenye nzi. Baba mdogo, aliyekuwa amekuja kutoka Morogoro kwa shughuli zake, akajaribu kunitetea. "Kaka, usidharau. Hawa ndio wanaopamba kumbi za harusi siku hizi. Wana hela." Utetezi ule ndio ulionimaliza. Nilikuwa na miaka 19, na jibu langu mwenyewe halikuwa bora kuliko lao. Nilijua tu kwamba napenda kuchora, na kwamba nikiingia sebuleni kwa watu macho yangu yanakwenda moja kwa moja kwenye kiti kilichowekwa mahali pasipo pake.

Baba alilipa. Nikasoma usanifu wa ndani miaka mitatu katika chuo cha ufundi hapa Dar es Salaam, nikaifanya kazi hiyo kwa muda, kisha uandishi ukaniteka. Hata hivyo, kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka simu yangu haipumziki. Mama wa jirani, shemeji, mtu niliyekutana naye msibani: "Binti yangu anataka kusomea hayo mambo ya ndani uliyosoma wewe. Humo kuna kitu?" Kimo. Ila si kile anachokidhani mzazi, na mara nyingi si kile anachokidhani binti pia.

Anayeingia kwa ajili ya rangi na matakia atasubiri sana. Muhula mzima wa kwanza sikugusa rangi. Tulifundishwa kupiga mstari: mnene kwa ukuta uliokatwa, mwembamba kwa samani, wa vipande vipande kwa kitu kilicho juu ya kichwa, kama kabati la ukutani. Kisha skeli. Kwenye skeli ya 1:50, sentimita 1 ya karatasi ni nusu mita ya sakafu, na ukishaizoea haikuachi. Nilikuwa nakaa kwenye daladala nakadiria nafasi ya magoti ya abiria wa dirishani, nakasirika peke yangu.

Kazi ya kwanza ya kupima ilikuwa chumba unacholala. Mwalimu wetu, mama mtu mzima tuliyemwita Madam, alisisitiza: kila kilichomo kiwemo, pamoja na vilivyo chini ya kitanda. Wengi wetu tulidanganya. Kijana mmoja alileta chumba cha hoteli chenye taa mbili za pembeni na zulia. Lakini mwenzetu mmoja wa Mbagala alichora chumba anacholala na wadogo zake watatu, akakichora mara mbili: mchana, na usiku godoro la pili likishavutwa kutoka uvunguni. Kwenye mchoro wa usiku mlango haufunguki zaidi ya kiganja. Madam aliubandika ule mbele ya wote, akasema tuutazame kimya kwa dakika tano. Ndiyo siku nilipoanza kuelewa nimekuja kusomea nini.

Mwaka wa pili tuliingia jikoni, na hapo ndipo niliposhikwa.

Kwanza tulisomeshwa historia. Mwaka 1926, mjini Frankfurt, Ujerumani, mbunifu majengo wa Kiaustria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko dogo, refu na jembamba, kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi. Alilichukulia jiko kama kiwanda: hatua zikahesabiwa, dakika zikapimwa kwa saa, kila droo ikapewa mahali ambapo mkono utaifikia bila mwili kuhama. Majiko ya aina hiyo yapatayo 10,000 yakafungwa katika nyumba za mji ule. Makabati yaliyopangwa mstari mmoja unayoyaona leo Mikocheni au Mbezi ni wajukuu wa jiko hilo. Kuna jambo moja mwalimu alilisema huku akicheka: mama yule alikiri baadaye kwamba wakati analibuni hakuwa mtu wa kupika.

Baada ya historia ikaja biblia ya fani, kitabu cha vipimo cha Mjerumani Ernst Neufert kilichotoka mwaka 1936, ambacho wabunifu wa dunia nzima wanakifungua mpaka leo. Humo unapata upana wa mlango, kimo cha meza, nafasi ya mtu anayeinama, ya mtu anayevaa koti. Nikakitumia vilivyo. Jiko langu lilikuwa na kaunta ya sentimita 90, na pembetatu nzuri kati ya sinki, jiko la gesi na friji. Nikalibandika ukutani siku ya kutetea kazi, nikiwa nimevaa shati jipya.

Madam alilitazama muda mrefu. Kisha akauliza, "Mama yako anakunia nazi wapi?"

Nikasema ananunua tui la pakiti. Darasa likaangua kicheko, maana kila mtu alijua naongopa.

"Mbuzi umeiweka wapi humu? Kinu je? Siku ya shughuli, wanawake sita wanachambua mchele, wamekaa wapi? Au wamesimama kwenye kaunta yako kama wako benki?" Akanirudishia karatasi yangu. Jumamosi nikae uani nyumbani na futi kamba, nimpime mama anavyopika, nilete vipimo Jumatatu.

Nikakaa. Mama alidhani nimerukwa na akili. "Chuo kizima mmekosa cha kupima?" Nikapima kigoda: sentimita 20 kutoka chini, na yeye anakikalia kwa saa nzima bila kulalamika mgongo, wakati kitabu kinaniambia kiti ni sentimita 45. Nikapima mbuzi pamoja na mguu ulionyooshwa; anayekuna nazi anahitaji sakafu ndefu kuliko anayekaa kwenye kiti, na anahitaji ukuta wa kuegemea. Nikapima umbali ambao mkono wake unafika akiwa amekaa: bakuli, kisu, vitunguu, ndoo ya maji, vyote vimemzunguka nusu duara, hakuna anachokiinukia. Nikatambua kwamba mama yangu alikuwa na jiko lake la Frankfurt siku zote, ila limelala chini. Na mkaa uko nje si kwa ushamba: jiko la mkaa likiwekwa chumba kilichofungwa linatoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Kinu nacho kinataka ardhi. Kipeleke ghorofa ya nne uone jirani wa chini atakavyopanda ngazi.

Jumatatu nikaja na mchoro mwingine. Kaunta imebaki, kwa sababu mama naye anatumia gesi akiwa na haraka, lakini nimeishusha hadi sentimita 85 kulingana na kiwiko chake. Kando ya mlango wa uani nikaweka kibaraza cha sentimita 40 cha kukalia, sakafu yenye mteremko kidogo ili maji yatoke, na mlango wenyewe wa sentimita 90 ili sufuria la shughuli lipite na watu wawili. Nilipata B. Madam alisema ningepata A, isipokuwa mlango ulikuwa unafunguka na kugonga kinu.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu ndilo somo lenyewe. Mengine yote, programu za kompyuta, majina ya mitindo, gurudumu la rangi, mtu anaweza kujifundisha kwa intaneti akiwa kitandani. Kumtazama mtu anavyoishi, ukamwandika kwa tarakimu bila kumcheka wala kumsahihisha, hilo linataka mwalimu wa kukurudishia karatasi.

Madam huyohuyo alitupeleka Kariakoo saa sita mchana, jua la utosi, enzi soko kuu lilipokuwa bado halijaungua kwa moto wa Julai 2021. Tusimame katikati ya wauza viungo, tusinunue kitu, tuhisi hewa inatoka wapi. Soko lile lilibuniwa na Mtanzania, Beda Amuli, likakamilika mwaka 1975, na paa lake ni miamvuli mikubwa ya zege iliyoachiana nafasi ili mwanga na hewa vipite kati. Hakuna feni. Mji mzima unatoka jasho, wewe uko kwenye soko lenye maelfu ya watu na shingo yako imekauka. Tuliporudi darasani aliyekuwa amechora ofisi ya vioo vitupu aliing'oa mwenyewe ukutani.

Kuna safari ya pili, ya Zanzibar. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, Lamu ukafuata mwaka 2001, na nadhani hakuna maktaba ya usanifu wa ndani iliyo karibu nasi kuliko miji hiyo miwili. Tulipoingia nyumba ya kwanza mtu akasema vyumba vya wazee vimebana. Ni kweli, ni virefu na vyembamba, kama korido zilizolazwa sambamba. Mwenyeji wetu akanyoosha kidole darini. Boriti. Ni miti ya mikoko, na dari ya mawe na chokaa ni nzito. Mti hauwezi kuibeba ukivuka takribani mita 3. Basi upana wa chumba haukuamuliwa na tajiri mwenye nyumba wala na fundi, uliamuliwa na mkoko. Urefu ndio uliokuwa huru, na ndio walioutumia. Ukishajua hilo huoni tena ubanaji, unaona akili.

Kwa upande wa Lamu niliona baadaye, kwa nauli yangu, ukuta wa zidaka: safu juu ya safu ya vishubaka vya chokaa iliyochongwa, mwisho wa chumba cha ndani kabisa, mahali ambapo mgeni wa barazani hafiki. Bakuli za kaure ziliwekwa humo. Nyumba ile inakupokea kwa hatua. Kwanza daka, penye kivuli cha mlango, kisha kiwanda kilicho wazi kwa mbingu, kisha misana miwili inayofuatana, kila mmoja umeinuliwa kidogo kuliko uliotangulia, mpaka ufike ndani. Hakuna kibao kinachosema "usipite hapa", ila kila mtu anajua ataishia wapi. Wanafunzi wetu wanatumia wiki nzima kukariri mitindo ya Skandinavia na hawajui msana ni nini. Hili linaniudhi, na nikialikwa vyuoni nalisema.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Mwaka wa tatu tulikwenda fildi, na nikapewa kazi ya kwanza ya kweli: fremu ya saluni Sinza. Fremu, kwa asiyejua biashara za mjini, ni chumba kimoja cha duka chenye mlango unaotazama barabara. Mwenye saluni alikuwa dada mchangamfu aliyekopa ili afungue. Alitaka viti vitatu, vioo, sehemu ya kuoshea nywele na kabati la ukuta mzima nyuma. Nikapima upana mbele, mlangoni: mita 3 kamili. Nikapima urefu: mita 4 na kidogo. Nikarudi chuoni, nikachora kwenye kompyuta picha safi mpaka mwenyewe nikaitamani. Kabati likachorwa mita 3, likapelekwa Keko kwa fundi.

Fundi yule, mzee mwenye penseli nyekundu sikioni, aliitazama karatasi akaniuliza kwanza nimeandika lugha gani. Mimi nilikuwa nimeandika milimita. Yeye anafanya kazi kwa inchi na futi, kama mafundi wengi wa mbao mjini. Mbao zenyewe zinauzwa mbili kwa nne, moja kwa nane. Inchi 1 ni milimita 25.4, na ile pointi nne ikirundikana mara 20 imeshakula nafasi ya bawaba. Tukakaa tukatafsiri kipimo kwa kipimo. Halafu akaniuliza swali lililonipa homa: "Nyuma ulipima?"

Sikupima. Nilijua mbele ni mita 3, nikadhani nyuma nako ni hivyohivyo. "Nenda kapige guni," akasema, wala hakunidharau. Guni ni pembe mraba ya fundi, na nyumba nyingi za mjini hazina guni. Ukuta mmoja unakwenda Kibaha, mwingine unakwenda Kigamboni. Nikapanda daladala kurudi Sinza. Nyuma palikuwa mita 2.92. Sentimita 8 zilikuwa zimepotelea njiani. Kama mzee yule angekuwa mtu wa kupokea karatasi na kukata, yule dada angekuwa na kabati zuri lililosimama barabarani na mkopo wa kulipa.

Katika siku nne nilizoshinda kwenye kibanda chake nilijifunza mambo ambayo hayakuwa kwenye mtaala wetu. Ubao wa plaiwudi au MDF unakuja futi 8 kwa 4, yaani milimita 2440 kwa 1220. Msumeno wenyewe unakula milimita kadhaa kila unapopita. Ukichora kabati lenye kina cha sentimita 62 kwa sababu tu umependa, ubao mmoja unatoa kipande kimoja na makombo. Ukichora 60, unatoa viwili. Sentimita 2 za mchoraji ni nusu ya bei ya mteja. MDF ikinywa maji inavimba kama mkate kwenye chai, kwa hiyo chini ya sinki usiiweke, au iinue kwa miguu. Bawaba za bei rahisi zinakufa kwa kutu karibu na bahari. Na taa: mwenye saluni alitaka taa moja kubwa nyeupe juu ya kila kiti. Mzee, ambaye hakuwahi kusikia neno kelvini, alimwambia, "Mama, taa ya utosini inamzeesha mteja. Weka mbili, kushoto na kulia kwa kioo." Ndivyo kitabu changu kilivyosema, kurasa 30 kwa kitu kilekile.

Njia za kuingia fani hii si siri. Aliyemaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini anaweza kuanzia ngazi ya 4 katika chuo kinachotambuliwa na NACTVET, akapanda hadi ngazi ya 6, ambayo ni stashahada. Anayetaka shahada ataitafuta Chuo Kikuu Ardhi, ambako usanifu wa ndani unafundishwa kama fani kamili. Na aliye na mikono kuliko subira ya vitabu asione haya kuanzia VETA kwa useremala, upakaji rangi au umeme wa majumbani. Nimewaona waliopita huko wakija stashahada baadaye na kutuacha mbali, kwa sababu wao wakichora droo wanajua itavutwaje.

Ugumu uko baada ya cheti. Mteja wetu hajazoea kulipia mchoro. Atalipia kochi, marumaru, jipsamu ya dari yenye taa za bluu, lakini ukimwambia gharama ya kufikiri anauliza, "Mchoro tu?" Wengi wa wenzangu wameishia kuuza samani na kutoa ubunifu kama nyongeza ya bure. Wengine wanachukua picha za nyumba za watu wa mbali mtandaoni, wanampa mteja wa Tabata sebule yenye tanuri la kuotea moto. Siwalaumu sana. Walifundishwa hivyo.

Maana vyuo navyo vina lao. Chuo nilichosoma, ambacho sikitaji, kilikuwa na karakana ya mbao yenye mashine ya kuranda iliyofunikwa turubai tangu kabla hatujafika. Tulimaliza miaka mitatu hatujaisikia ikinguruma. Ada ya karakana tulilipa kila muhula. Kompyuta zilikuwepo, tena nzuri, kwa sababu kompyuta zinapendeza kwenye kipeperushi, na mgeni wa heshima akija anaonyeshwa picha za vyumba ambavyo hakuna aliyewahi kuvijenga. Wahitimu wa namna hiyo wanatoka wakijua kung'arisha sakafu kwenye skrini, lakini ukiwapa pima maji wanauliza inashikwa upande gani.

Baba aliitazama ile saluni mara moja tu, alipopita Sinza kwa mambo yake. Alisimama mlangoni, akatazama kabati limekaa ukuta kwa ukuta bila mwanya, akauliza fundi ni nani. Nikamwambia fundi ni wa Keko, vipimo ni vyangu. Akatikisa kichwa kidogo, akaomba kuonyeshwa choo kilipo.

Kwa hiyo wazazi mnaonipigia simu, jibu langu ni hili. Kabla hamjalipa, nendeni chuoni siku ya kazi, msiende siku ya maonyesho. Msiombe kuona picha za wanafunzi. Ombeni kuonyeshwa karakana, na muulize ni lini mara ya mwisho mwanafunzi alikata ubao humo. Mkikuta vumbi la mbao sakafuni, lipeni. Mkiambiwa ufunguo anao mtu ambaye leo hayupo, rudini nyumbani na ada yenu.